Mwaka wa Lori Lililozira

Mama Kulwa alinipigia simu nikiwa nasuuza vyombo, akaniambia Fundi Zakayo ametutoka, na kabla sijapata la kujibu akaongeza kwamba siku hizi basi la Tabora linafika Mpanda mapema, kwa hiyo nisimletee visingizio. Huyo ndiye Mama Kulwa. Hata msiba anautangaza kwa kugomba. Nikajifunga kitenge, nikapanda basi, na lami ikanifikisha msibani Nsemulwa watu wakiwa bado wanakula chakula cha mchana. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikala wali wa msiba, nikasikiliza marehemu akisifiwa: mtu wa watu, mkono mwepesi, hapakuwa na injini iliyomshinda. Ilikuwepo moja. Nje, kwenye viti vya wanaume, mjukuu wake, baba mzima mwenye ndevu, alikuwa anaeleza jinsi anavyoongeza nguvu za pikapu kwa kompyuta: anachomeka waya, anabonyeza, anapandisha presha ya tabo, na mteja hajamaliza hata chai yake. Aliponiona natoka kunawa mikono akaniuliza, "Mama, eti ni kweli wewe na babu mlitumia mwaka mzima kuongeza presha kwenye lori moja?" Wanaume wakacheka. Nikamjibu kwamba ni kweli. Sikuongeza neno, maana msibani si mahali pa kugombana na marehemu, lakini tangu siku ile mwaka huo haujaniacha, na nimeona heri niuandike.

Ya kwetu na ya utoto wangu nayaacha. Naanza na kiangazi cha mwaka 1997, siku niliyoshuka kwenye treni pale Mpanda nikiwa na begi la nguo, sanduku la spana, na kompyuta nzito niliyoifunga ndani ya blanketi. Kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya tajiri wangu wa Tabora, mwenye gereji ya umeme wa magari, na mimi nilikuwa fundi wake, mwanamke peke yangu kati ya wanaume ambao walichoka kunitania baada ya kuona sichoki kuwajibu. Kampuni moja ya kujenga barabara ilikuwa imefunga kambi na kuuza vitu vyake. Mzee Maganga wa Mpanda akanunua lori, tajiri wangu akanunua kompyuta ya kulisomea. Lilikuwa lori kubwa la Ulaya, kichwa cheupe, la kwanza mjini pale ambalo injini yake inaamriwa na kompyuta. Wenyewe walikuwa wamelipunguza nguvu humo ndani ya kompyuta ili madereva wasilikimbize, na Mzee Maganga alitaka nguvu zake zirudi, avute tela la mchele mpaka Sumbawanga. Kazi yangu ilikuwa kupandisha presha ya tabo, kile kifaa kinachotumia moshi wa injini kuisukumia injini hewa, na kuipandisha bila kuiua injini yenyewe. Nilikadiria wiki chache. Mwanangu Anjela, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, nilimwacha kwa dada yangu Mektilda, nikamwambia dada sikawii.

Mzee Maganga alikuwa Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, na ng'ombe hao, kama watu walivyopenda kusema, wakazaa malori. Yadi yake ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa njia ya Kabungu, imezungushiwa ukuta wa tofali za kuchoma na geti la bati ambalo likifunguliwa mtaa mzima unasikia. Ndani kulikuwa na desturi mbili ambazo kila fundi alizikuta na kuziacha. Ya kwanza, anayefungua injini haondoki mjini mpaka aifunge. Ya pili, mkono wa mwisho kushika spana ndio unaopanda gari hilo safari ya kwanza, apende asipende, ili ajue kwamba anaweka roho yake pamoja na za wenzake. Nilizipenda desturi zile nilipoelezwa. Nilidhani zinawahusu wengine. Siku chache baadaye nikagundua kwamba kidude kinachopima presha ya hewa na kuiambia kompyuta kimekufa, nikaaga niende Tabora kutafuta kingine, nimwone na mwanangu. Mzee Maganga akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jua litachomoza magharibi.

"Binti, injini umeshaifungua," alisema.

"Sijaifungua mzee. Sijalegeza hata nati moja. Nimechomeka waya tu."

"Umeingia kichwani mwake. Umesoma mpaka siri zake tunazoishi nazo bila kuzijua. Sasa hilo si kufungua?"

Likawa baraza. Mafundi waliacha kazi, wakakaa juu ya matairi, wakajadili kama kuchomeka kompyuta ni kufungua injini au siyo, kwa uzito uleule ambao wangejadili mpaka wa shamba. Fundi Zakayo, mkuu wao, Mkonongo wa Inyonga, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alisikiliza wote, kisha akasema, "Mwanangu, mganga akishakutazama ndani hawezi kusema hajakugusa." Basi, ikapita. Kidude kiliagizwa kwa treni, na mimi nikabaki. Nilicheka siku ile. Nasema kweli, nilicheka, nikaona nitakuwa na kichekesho cha kumpelekea dada Mektilda.

Chumba walichonipa kilikuwa nyuma ya ghala. Ukuta mmoja nilichangia na magunia ya mchele, mwingine na chumba cha Mzee Maganga na mkewe, Mama Kulwa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya kuwekea kompyuta, na dirisha la waya lililotazama yadi, na kwenye dirisha lile kitu pekee ulichokiona ni uso wa lori lile jeupe. Nililala nikiliona, nikaamka nikiliona. Siwezi kulalamika kwamba nilinyanyaswa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mama Kulwa alinilisha kama mwali: asubuhi michembe ya viazi vitamu na karanga, mchana ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, jioni migebuka, samaki wa ziwani waliotoka Karema, au maziwa mgando yaliyokolea mpaka unayakata kwa kijiko. Nikitoka getini aliuliza naenda wapi, si kwa ukali, kwa upendo tu, na upendo ule ulinifuata mpaka sokoni na kunirudisha. Wakati mwingine jioni niliwasikia yeye na mume wake wakizungumza upande wa pili wa ukuta, kwa Kisukuma, ambacho Mnyamwezi yeyote kama mimi anakisikia bila kufundishwa, na wao walilijua hilo. "Mwache mtoto wa watu aende akamwone mwanawe," Mama Kulwa alisema siku moja. Mzee akajibu taratibu, "Akienda akapata gari bovu lingine huko njiani, nani atalifunga hili?" Baadaye nilielewa kwamba yale hayakuwa maongezi ya siri. Nilikuwa najibiwa swali ambalo sikuthubutu kumwuliza mzee usoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kwenda pole, na mimi si mtu wa pole. Kidude kipya kilipofika, nilifunga kipima joto kwenye bomba la moshi, nikaiunga kompyuta kwenye betri za lori, maana umeme wa mji ulikuja na kuondoka utakavyo. Kisha nikaanza. Unapandisha presha kidogo kwenye kompyuta, unaongeza dizeli kidogo ilingane na hewa, unapakia magunia, unakwenda Kasokola na kurudi ukiwa umekodolea macho kipima joto. Moshi ukiwa wa moto kupita kiasi, unaishusha presha. Joto likitulia, unaipandisha tena kidogo. Mara moja niliharakisha, presha ikazidi kile kiwango ambacho kompyuta inakikubali, na kompyuta ikakata dizeli yenyewe ili kuikinga injini. Lori likaendelea kutembea lakini halina nguvu, hata baiskeli ya muuza mkaa ikatupita. Dereva wetu Sadiki, mtu wa Ujiji mwenye maneno mengi, akagonga usukani akasema, "Aa, limezira hili!" Neno likashika. Nilimweleza akizima na kuwasha linasahau, linaanza upya, ila asifanye hivyo bila kujua kwanza nini kimeliudhi.

Fundi Zakayo alikuja kila siku kuangalia. Kwenye malori ya zamani yeye alikuwa na njia yake ya kuongeza presha, na mafundi wote wa njia ile ya Sumbawanga walikuwa nayo. Kwenye tabo kuna kilango cha kupitishia moshi wa ziada, na kilango hicho hufunguliwa na fimbo nyembamba. Ukiibana fimbo kwa washa mbili tatu, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati, kilango kinachelewa kufunguka, presha inapanda, lori linapanda mlima. Nilimwambia hapa haiwezekani, kwa sababu kompyuta inasoma presha na haidanganyiki; ikiona hewa isiyoitarajia italifanya lori lizire, na lori lililozira mlimani ni hatari kuliko lililokosa nguvu tangu chini. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mtu ambaye hajakubali. Nilidhani ni adabu tu. Leo ningemshika shati.

Miezi ikaanza kuliwa. Mzee Maganga alikuwa anauliza kila asubuhi, baada ya kuniitikia marahaba, "Limefika?" na mimi namjibu limekaribia. Siku moja nilikwenda posta kupiga simu Tabora, kwenye duka jirani na kwa dada yangu, na Fundi Zakayo akanisindikiza kwa kuwa alikuwa na shida zake upande ule. Dada Mektilda alimleta Anjela kwenye simu. Nikasema, "Anjela, mama huyu." Nilisikia anapumua. Nikaimba kile kijiwimbo chetu cha kuogea, nikimnong'oneza mbele ya foleni ya watu wazima, na bado anapumua tu. Dada akachukua simu akasema, "Anaangalia mlangoni, Vero. Akisikia sauti yako anadhani unaingia." Niliweka simu chini na nikalia palepale kaunta, kwa sauti, bila aibu yoyote. Fundi Zakayo alisimama pembeni akigeuzageuza kofia yake. Tulipofika getini akasema, "Wewe utakwenda, mwanangu. Hili jambo litakwisha." Nilimshukuru. Sikujua kwamba alikuwa ameshaamua.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya pale Mzee Maganga alipokata shauri kwamba lori lipakiwe, liende. Nilimwomba anipe nafasi nijaribu kwanza na mzigo kamili, kwa maana nilikuwa nimeridhika na nusu mzigo tu. Akakataa; mvua ikishika, alisema, barabara haitapitika. Moyoni sikumpinga sana. Tukifika Sumbawanga na kurudi salama, injini ingehesabiwa imefungwa, na mimi ningepanda treni. Asubuhi ya safari nikapanda kwenye kabini kama desturi ilivyotaka, mkono wa mwisho. Nikamwona Fundi Zakayo anakuja na kijifuko, amevaa shati la kanisani.

"Fundi, nawe Sumbawanga unakwenda kufanya nini?" nilimwuliza.

"Kutembea tu, mwanangu," alisema, akapanda akakaa kati yangu na Sadiki.

Sadiki akamtania kwamba anakwenda kutafuta mke wa pili kwa Wafipa. Zakayo hakucheka. Njia nzima alishika goti lake kwa mkono mmoja, na lori likaenda kwa nguvu ambayo mimi mwenyewe ilinishangaza. Tulipita Sitalike, tukapita mbuga, na kila lilipovuta nilijiambia kazi yangu nimeiweza. Kompyuta niliiacha imefungwa kwenye blanketi miguuni, kwa kuwa Sadiki hakutaka waya kwenye kabini akiwa na mzigo.

Mlima wa Lyamba lya Mfipa hauna huruma na lori lenye tela. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde, na njia wakati ule ilikuwa ya mawe na vumbi. Tulikuwa katikati ya mpando mkali pale nguvu ilipokatika. Si kwamba injini ilizima. Ilibaki inaunguruma kwa upole, kama haikuhusika. Likazira. Sadiki akakanyaga mafuta mpaka mwisho, wapi. Akazima, akawasha, likavuta hatua kadhaa, likazira tena. Akazima, akawasha. Nikamshika mkono: "Kaka Sadiki, usiwashe tena! Kuna kitu kimezidi, utaiua!" Akanijibu bila kunitazama, jasho linamtiririka, "Dada, breki hazishiki mzigo huu. Nikiacha kuvuta tunarudi kinyumenyume mpaka bondeni." Na alikuwa sahihi, ndiyo maana sijawahi kumlaumu. Akaendelea vile, zima, washa, vuta, huku wapakiaji waliokuwa juu ya magunia wakiruka chini kutafuta mawe na magogo ya kukingia magurudumu. Mara ya mwisho lilipovuta, ulisikika mlio chini yetu, mvuke ukapanda mbele ya kioo, kisha injini ikakwama. Lori likarudi nyuma kidogo, likakaa juu ya magogo. Hatukufa. Nilishuka, na ndipo nilipomwona Fundi Zakayo amesimama upande wa tabo, akiangalia mahali pamoja tu, kabla hata hatujainua kichwa cha lori. Shati la kanisani, kijifuko, kutembea tu. Mkono wa mwisho haukuwa wangu.

Tulipoinua kichwa nikaziona washa tatu mpya, zinang'aa kwenye fimbo ya tabo. Alisimama nyuma yangu akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nilitaka uwahi treni." Nilimrushia spana. Haikumpata, ikapotelea bondeni, na ilikuwa spana nzuri. Nilimtukana kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima na sijayarudia tangu hapo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

Tulivutwa kurudi Mpanda na malori mawili ya Mzee Maganga. Nilipofungua, safari hii kwa kufungua ambako hakukuhitaji baraza, nilikuta gasketi imepasuka, pistoni mbili zimeungua na kukwangua silinda. Fundi Zakayo hakujificha. Mafundi wote wakiwa wamekaa, alisimama akasema washa alifunga yeye, mimi sikujua, na kwa hiyo desturi imfunge yeye, mimi niachwe niende kwa mwanangu. Mzee Maganga alichora chini kwa fimbo yake.

"Nimekusikia Zakayo," alisema. "Umesema kiume. Lakini nikimfungia Zakayo hapa, ataifunga injini ya kompyuta? Kosa ni la Zakayo. Injini ni ya kwako, binti."

Hapo ndipo nilipokwama kweli. Kabla ya siku ile nilijiona nimecheleweshwa. Ukweli ulikuwa umesemwa mbele ya kila mtu, hakuna aliyeupinga, na bado haukunifungulia geti. Watu wananiuliza mpaka leo, si ungeondoka tu? Hapakuwa na kufuli. Ningeweza kubeba begi langu asubuhi yoyote na kwenda stesheni. Lakini fundi mwanamke wakati ule alikuwa anabeba jina lake kama mtu anavyobeba maji bila kata: likimwagika hakuna wa kumwokotea. Madereva wangelifikisha Tabora kabla yangu: Veronika kafungua lori la Mzee Maganga, kalishindwa, kakimbia. Nani angenipa injini tena, na mimi na Anjela tungekula nini? Nilijua hivyo, Mzee Maganga alijua hivyo, na hatukuwahi kulisema. Pistoni ziliagizwa Dar es Salaam. Nilimwomba Mungu zifike haraka.

Kisha ikaja mvua. Waliokuwepo wanaikumbuka, ile waliyoiita ya Elinino. Ilinyesha mpaka tuta la reli likasombwa huko porini na treni ikakoma. Njia ya Inyonga ikawa mto, ya Sumbawanga ikawa uji, na simu ya posta ikanyamaza. Mji mzima ulikwama: wafanyabiashara, walimu waliokuwa wamekuja kwa shughuli ya siku mbili, hata bwana harusi mmoja kutoka Urambo. Wao walikuwa na kundi lao, walikutana hotelini na kulaani mvua pamoja. Mimi nilishindwa kujiunga nao, maana mvua ikikatika wao wangeondoka. Niliketi chumbani, magunia ya mchele yakinuka uvundo upande mmoja, na dirishani lori limeinamisha kichwa, tumbo wazi, limefunikwa turubai linalopigwa na mvua mchana kutwa. Sukari iliisha mjini, tukanywa chai kwa asali. Mama Kulwa alipika uyoga kwa karanga, akapika uyoga kwa nyanya, akapika uyoga mtupu, na siku moja niliusukuma ule uyoga nikamwambia sitaki kula, nataka mwanangu. Hakukasirika. Akakaa chini kando yangu akasema, "Nami nilimwacha Doto wangu Shinyanga tulipohama na ng'ombe. Kula." Mpaka siku ile sikujua kama Doto wake alikuwa hai au amekufa, na hata hapo sikuuliza.

Fundi Zakayo alikuwa anakuja kila asubuhi kwenye mvua ile, anaweka kitu mlangoni kwangu, asali, au mahindi ya kuchoma, au uyoga ambao sikuuhitaji, anasema hodi, anaondoka. Simjibu. Mama Kulwa alinikemea: "Msalimie mzee. Unaweza kumchukia na ukamwamkia." Nikaanza kumwamkia, shikamoo kavu, bila kumtazama. Tukaanza kusafisha silinda pamoja, kwa sababu kazi ile inataka mikono minne, na ukishakaa na mtu ndani ya injini moja kwa miezi huwezi kuendelea kumnunia. Utamwomba tambara, atakuomba petroli, ghafla mnaongea. Aliniuliza kompyuta inajuaje presha. Nikamwonyesha kile kidude, nikamwonyesha waya wake. Akakishika muda mrefu, akasema, "Kumbe ilikuwa inatuangalia." Sikumsamehe siku ile wala nyingine yoyote ninayoikumbuka. Nilichoka kumkasirikia, na sasa kwa kuwa amekufa naona kuchoka na kusamehe havipishani sana. Lakini nikiwa mkekani kwake nikisikia sifa, kuna sehemu yangu ilikuwa bado inaangalia spana inavyopotelea bondeni na kutamani ningelenga vizuri.

Pistoni zilikuja na treni ya kwanza baada ya tuta kurekebishwa, kiangazi kimesharudi. Tukaifunga injini, fimbo ya tabo ikabaki huru, bila washa. Nikaanza tena pole: kidogo, Kasokola, kidogo, Kasokola, mzigo nusu, mzigo kamili. Nilipofika mahali ambapo moshi ulibaki na joto la kuridhisha hata tela likiwa limejaa, nikasimama. Mzee Maganga akapanda akaliendesha mwenyewe mpaka njia panda, akarudi akasema limepoa, niliongezee kidogo tu. Alikuwa na tiketi yangu ya treni mfukoni, ikichungulia. Alisema, "Ongeza kidogo, binti, kesho uende. Au ubaki tulijaribu tena mlimani ndipo ujue kama linatosha." Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile tiketi. Kubonyeza ilikuwa kazi ya dakika. Nikamtazama Sadiki, aliyekuwa anafuta kioo na kujifanya hasikii, mtu ambaye angelipeleka lori lile mlimani wiki baada ya wiki mimi nikiwa Tabora.

"Hapa ndipo mwisho wake, mzee," nilisema. "Twende mlimani."

Tukaenda. Fundi Zakayo alitaka kupanda, nikamwambia hapana, safari hii mkono ni wangu. Lori lilipanda Lyamba lya Mfipa kwa gia ndogo, polepole mno, kiasi kwamba mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alitembea nasi sambamba akiongea na Sadiki. Kompyuta ilikuwa wazi mapajani mwangu, Sadiki atake asitake. Joto lilipanda, likasimama, likabaki pale. Kule juu upepo wa Ufipa ukatupiga, Sadiki akapiga honi ndefu, na mimi nikafunga kompyuta nikalia kidogo. Tuliporudi Mpanda Mzee Maganga alinipa tiketi kwa mikono miwili. Mama Kulwa alinifungia mchele na samaki kana kwamba nakwenda vitani. Fundi Zakayo alinibebea sanduku mpaka stesheni, akasema, "Mwambie mtoto babu anaomba radhi." Nilimwitikia.

Nilifika Tabora asubuhi. Nilikimbia kutoka stesheni, begi linanipiga mgongoni. Anjela alikuwa uani kwa dada Mektilda, anacheza na mfuniko wa sufuria. Alikuwa amerefuka, amesukwa nywele kwa mtindo ambao sikuujua. Nikachuchumaa, nikafungua mikono, nikamwita jina lake. Alisimama akaniangalia vizuri, bila woga, kama mtoto aliyelelewa kwa adabu. Akaja akainama, akasema, "Shikamoo." Kisha akageuka akakimbilia ndani, nikamsikia akiita kwa furaha, "Mama! Mama! Kuna mgeni!"

Dada Mektilda alitoka na mikono ya unga, akaniona, akajifunika mdomo. Anjela alikuwa nyuma yake ameshika sketi yake, akaniletea kigoda, akakipangusa vumbi, akaniambia nikae. Nikakaa.